MAJINA YA PROGRAMU: TUCHEKE, LAKINI TUULIZE



Leo tuzungumze juu ya jambo linalowachekesha wengi na kuwagharimu wengine: majina ya programu za kompyuta na simu. Usiseme, "Hayo ni ya vijana." Kama una simu mfukoni, majina hayo yamo humo, na siku hizi pesa zako zimo humo pia.

KISA CHA KAHAWA

Mama mmoja wa chama chetu cha kuweka akiba aliomba mkopo wa shilingi 18,000 ili kijana wake aende kusoma mjini. Tulipomwuliza kijana anasomea nini, akajibu, "Anasomea Java." Wanachama wakafurahi sana. Huku kwetu ni kwenye kahawa, na kila mtu aliyewahi kufika Nairobi ameona ile mikahawa ya Java House. Mzee mmoja akasema, "Hiyo ni vizuri kabisa. Mimi nina miti 200 ya kahawa pale shambani. Akirudi atanionyesha vile wanaipika mpaka kikombe kimoja kinauzwa bei ile." Tukacheka, tukapiga makofi, mkopo ukapitishwa. Hakuna aliyeuliza swali lingine.

Miezi sita baadaye kijana alirudi na cheti. Akaona tangazo la kazi, wanataka mtu anayejua Java. Akaenda. Walimwuliza maswali kwa dakika kama kumi hivi, kisha mmoja wao akamwambia kwa upole, "Kijana, wewe umesoma JavaScript. Sisi tunataka Java." Akasema, "Kwani si ni kitu kimoja?" Waliokuwa mezani wakacheka. Yeye hakucheka. Kibao cha chuo alikosoma kilikuwa kimeandikwa JAVA kwa herufi kubwa, na neno lile lingine kwa herufi ndogo pembeni. Alirudi nyumbani kwa nauli ya kuazima.

Jioni ile mama yake alinijia akaniuliza, "Mwalimu, kwani Java ni ngapi?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike makala haya.

JAVA NI NGAPI?

Ya kwanza ni kisiwa. Java ni kisiwa cha nchi ya Indonesia, na kahawa yake ilisifika hata Wamarekani wakazoea kuita kahawa yoyote "java".

Ya pili ni lugha ya kompyuta, yaani maneno na kanuni ambazo fundi hutumia kuiamuru mashine ifanye kazi fulani. Lugha hii ilitungwa na James Gosling na wenzake katika kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani. Mwanzoni waliiita Oak, jina la mti uliokuwa nje ya ofisi ya Gosling. Kumbe kampuni nyingine ilikuwa imeshajiandikishia jina hilo. Wakatafuta lingine, wakachukua Java, jina la kahawa. Ilitangazwa mwaka 1995, na mpaka leo alama yake ni kikombe kinachotoa mvuke.

Ya tatu ni JavaScript. Hii nayo ni lugha ya kompyuta, lakini ilitoka kwa watu wengine. Mwaka ule ule wa 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 tu. Waliiita Mocha (hiyo nayo ni kahawa, jina lilitoka bandari moja ya Yemen), halafu wakaiita LiveScript. Ilipofika Desemba 1995, Netscape walipatana na Sun, ikapewa jina JavaScript. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa akizungumza juu ya Java, na jina hilo lilikuwa linauza.

Basi tofauti yao ni gani? JavaScript hufanya kazi zaidi ndani ya kurasa za intaneti. Ukijaza fomu kwenye ukurasa halafu ikakuambia papo hapo, "Umesahau kuandika namba ya kitambulisho," mara nyingi hiyo ni kazi ya JavaScript. Java hutumika sana katika mitambo mikubwa ya mabenki na makampuni, na programu nyingi za simu za Android zimeandikwa kwa Java. Ni lugha mbili mbali mbali. Zimekaribiana kwa jina kama mbu na mbuzi. Ni kweli mbu yumo ndani ya jina la mbuzi, lakini hakuna mtu anayemchinja mbu siku ya Krismasi.

FIKIRIA MATATU

Hebu tutumie mfano tunaoujua. Matatu inapita barabarani, ubavuni imechorwa jina la mchezaji mpira wa Ulaya kwa rangi za kung'aa. Je, gari hilo linakwenda Ulaya? Hata mtoto anajua halifiki huko. Jina ni la kupendeza macho. Ukitaka kujua safari unaangalia namba. Pale Nairobi, 111 ni Ngong na 125 ni Rongai, hata kama ubavuni wameandika "Mbinguni".

Programu nazo ni hivyo. Jina limechorwa ubavuni na mwenye gari. Anaweza kuchora mzaha, anaweza kuchora sifa, anaweza hata kuchora uongo. Shida yetu ni kwamba kwenye matatu tumefundishwa kuangalia namba, lakini kwenye simu hakuna aliyetufundisha namba iko wapi. Tutaifikia. Kwanza tucheke kidogo.

NYUMBU, CHATU NA NGIRI

Wataalamu wa kompyuta ni watu wa mzaha sana.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuwagawia wenzake. Wakati huo mfumo uliosifika uliitwa Unix. Yeye akaiita kazi yake GNU, yaani nyumbu, wale wale wanaovuka mto Mara kila mwaka. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno yenye maana ya "GNU si Unix". Sasa uliza: hiyo G ni kifupi cha nini? Ni cha GNU. Na GNU ni nini? Ni "GNU si Unix". Huwezi kumaliza! Ni kama kumwuliza mtoto, "Nyumbani ni wapi?" akakujibu, "Ni kwetu." "Na kwenu ni wapi?" "Ni nyumbani."

Kuna lugha nyingine ya kompyuta inayosomwa sana siku hizi, inaitwa Python, maana yake chatu. Mtu atadhani mtunzi alipenda nyoka. Hapana. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alikuwa mpenzi wa kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza kilichoitwa Monty Python's Flying Circus. Nyoka hakuwemo kabisa katika mawazo yake. Lakini jina limeshinda, na leo alama ya lugha hiyo ni nyoka wawili.

Halafu kuna Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa neno letu "utu". Jina la heshima kabisa. Lakini kila toleo lake hupewa pia jina la utani la mnyama. La kwanza liliitwa Warty Warthog, yaani Ngiri Mwenye Chunjua. La pili likaitwa Hoary Hedgehog, yaani Kalunguyeye Mwenye Mvi. Sasa fikiria karani ameingia ofisini asubuhi, fundi anamwambia, "Usiku tumemtoa ngiri, tumeweka kalunguyeye." Karani hajui kama ashukuru au awapigie simu watu wa wanyamapori.

Hata ile njia ya kurushiana nyimbo na picha kati ya simu mbili zilizo karibu, Bluetooth, maana yake ni Jino la Buluu. Ni jina la utani la mfalme Harald wa Denmark aliyeishi miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, ambaye anakumbukwa kwa kuunganisha watu wa nchi yake. Mwaka 1997 wahandisi walilitoa liwe jina la muda tu, kwa kuwa njia hiyo ingeunganisha simu na kompyuta. Jina la muda likabaki, kama majina mengi ya utani tuliyopewa shuleni.

Majina haya ni ya kuchekesha na hayamwibii mtu. Anayeuliza ataelezwa, ataondoka akicheka.

JINA MOJA VITU VIWILI, KITU KIMOJA MAJINA MATATU

Wakati mwingine hakuna mzaha wowote, ni biashara tu na sheria za majina.

Programu ya kufungulia intaneti ya Firefox ilianza mwaka 2002 ikiitwa Phoenix. Kampuni yenye jina kama hilo ikalalamika. Mwaka 2003 ikaitwa Firebird. Kumbe tayari kulikuwa na programu nyingine ya kuhifadhi kumbukumbu yenye jina hilo, na wenyewe wakapiga kelele. Ndipo Februari 2004 ikawa Firefox. Neno lenyewe ukilitafsiri ni "mbweha wa moto", na alama yake ni mbweha, lakini waliolichagua walieleza kwamba ni jina lingine la mnyama wa milima ya Asia aitwaye panda mwekundu. Kwa hiyo umeita mbweha, kumbe ni panda, na jana alikuwa ndege!

Kinyume chake ni jina moja kwa vitu mbali mbali. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilikuwa na programu mbili za baruapepe. Moja iliitwa Outlook, ikija pamoja na programu za ofisi za kununua. Nyingine iliitwa Outlook Express, ikija bure pamoja na programu yao ya intaneti. Watu walidhani hiyo ya pili ni mdogo wa ile ya kwanza. Wapi! Zilikuwa programu mbili tofauti, kila moja ikiweka barua kwa njia yake. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikaleta huduma ya intaneti iitwayo Outlook.com, na mwaka uliofuata watu wote wa Hotmail wakawa wamehamishiwa huko. Basi fundi akikuambia kwa simu, "Fungua Outlook," jibu la busara ni moja tu: "Ipi?"

Hapa ndipo alipoangukia kijana wetu. Hakuna aliyetaka kumdanganya kwa makusudi mwaka ule wa 1995. Wenye kampuni walitaka jina linalouza, na bei ya jina hilo ikaja kulipwa na mama wa shamba miaka mingi baadaye.

JINA LINAPOKUWA MTEGO

Sasa tufike kwenye majina yasiyochekesha. Kuna watu wanajua kwamba sisi tunasoma ubavuni tu, na wanatutegea hapo.

Barua ya mapenzi. Tarehe 4 Mei 2000, watu maofisini duniani kote walianza kupokea baruapepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani Nakupenda. Ndani kulikuwa na faili iitwayo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Angalia mwisho wa jina hilo. TXT maana yake ni maandishi matupu, yasiyo na madhara. Lakini mkia wa kweli ni ule wa mwisho kabisa, vbs, ambao maana yake ni programu. Kompyuta nyingi za Windows zilikuwa zimepangwa kuficha mkia wa mwisho, kwa hiyo watu waliona TXT peke yake. Mtu anaona mkubwa wake wa kazi amemwandikia barua ya mapenzi, utamzuia asifungue? Akifungua, programu inaharibu picha zake na kujituma kwa kila mtu aliyeandikwa katika kitabu chake cha anwani. Kirusi hicho kilitoka Ufilipino na kuingia mamilioni ya kompyuta. Hata Bunge la Uingereza lililazimika kufunga baruapepe yake.

Daktari wa uongo. Kulikuwa na programu iitwayo XP Antivirus. Jina linasema inaua virusi. Iliwatokea watu kwenye kompyuta, ikajifanya inapima, kisha ikatangaza, "Umepatikana na virusi! Lipa tukutibu." Ugonjwa wenyewe haukuwepo. Desemba 2008 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ilipata amri ya mahakama ya kuwazuia wenye biashara hiyo. Ni kama mtu anayekurushia mawe paani usiku, halafu asubuhi anakuja kukuuzia mabati.

Tochi inayokumulika wewe. Zile simu ndogo zenye taa tuliziita "mulika mwizi", na zilistahili jina. Simu za kisasa zilipofika, watu wengi waliweka programu za tochi. Moja iliitwa Brightest Flashlight Free, maana yake Tochi ya Bure Yenye Mwanga Mkali Kuliko Zote. Mwanga ilitoa kweli, na mamilioni ya watu waliichukua. Lakini mwaka 2013 tume ile ile ya Marekani ilieleza kwamba tochi hiyo ilikuwa ikiwapa watu wa matangazo habari za mahali mwenye simu alipo, bila kumweleza sawasawa. Hapa mulika mwizi imegeuka: mwizi ndiye anayekumulika.

Jina lenye nafasi tupu. Novemba 2017, katika duka la programu la Google, palikuwa na programu iliyojiita Update WhatsApp Messenger. Chini yake jina la mwenye programu lilisomeka WhatsApp Inc., sawa kabisa na lile la kweli. Ujanja ulikuwa hapa: mwisho wa jina waliongeza alama isiyoonekana, kama nafasi tupu. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Kwa macho ya binadamu ni jina moja. Watu zaidi ya milioni moja waliichukua kabla haijaondolewa, na walichopata ni programu ya kuwajazia matangazo.

MAJINA MATAMU YA KWETU

Usidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Sisi tuna lugha tamu, na utamu wake unauza.

Kuna majina yanayosema kweli. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hata bibi wa miaka 80 alielewa kwamba ni mambo ya pesa. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Wakenya walitengeneza programu ya kukusanya taarifa za yanayotokea mitaani na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Ilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Jina na kazi ni kitu kimoja.

Lakini sasa tazama majina ya mikopo ya simu. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ni huduma ya kuweka akiba na kukopa. Shwari ni bahari iliyotulia. Okoa Jahazi ni kukopa muda wa maongezi. Ni kweli umeokolewa, lakini mwokoaji anakata ada yake. Fuliza ilianza mwaka 2019. Kufuliza ni kuendelea bila kukoma. Maana yake ni kwamba pesa zako zikipungua wakati wa kulipa, malipo hayasimami, yanaendelea kwa pesa za kukopeshwa. Jina ni sahihi, lakini limesema nusu. Ukichelewa kulipa, ada nazo hufuliza.

Kulikuwa pia na programu iliyoitwa Mkopo Rahisi, ambayo mwaka 2016 ilibadili jina ikawa Tala. Wanachama wetu tuliwahi kubishana sana juu ya neno hilo "rahisi". Katika Kiswahili lina maana mbili. Kazi rahisi ni kazi isiyo ngumu. Bei rahisi ni bei ya chini. Ukiambiwa na mtu yeyote "mkopo rahisi", uliza ni rahisi ya namna gani. Kupata mkopo kwa dakika mbili si kazi ngumu, hiyo ni kweli. Lakini hakuna aliyekuambia kwamba bei yake ni ya chini.

Sisemi huduma hizi ni mbaya. Zimewasaidia wengi usiku mtoto akiugua. Ninachosema ni kwamba neno "deni" halimo katika jina hata moja kati ya Shwari, Okoa na Fuliza. Neno hilo ni lazima uliongeze mwenyewe.

NAMBA YA RUTI IKO WAPI?

Kabla hujalipa karo, hujaweka programu kwenye simu, wala hujabonyeza "kubali", angalia mambo haya matano.

1. Kazi yake. Mwombe mtu akueleze programu inafanya nini bila kutaja jina lake. Akishindwa, huenda yeye mwenyewe hajui. Kwa masomo, uliza, "Nikimaliza nitaweza kutengeneza nini, na waajiri wanaandikaje jina lake?" Lilinganishe herufi kwa herufi na matangazo ya kazi.

2. Mwenyewe ni nani. Katika duka la programu, chini ya jina la programu kuna jina la aliyeitengeneza. Kwa kuwa hata hilo linaweza kuigwa, tazama pia imechukuliwa na watu wangapi. Programu inayojulikana dunia nzima haiwezi kuwa imechukuliwa na watu elfu mbili tu.

3. Ruhusa inazoomba. Tochi inahitaji taa. Haihitaji kujua ulipo, wala majina ya jamaa zako. Programu ikiomba kisichohusu kazi yake, ikatae.

4. Mkia wa faili. Ukitumiwa "picha za harusi" na mwisho wa jina ni apk, hizo si picha. Hiyo ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako ya Android. Usiifungue, hata kama imetoka kwa shemeji, kwa maana huenda naye ametumiwa bila kujua.

5. Bei na leseni. Soma ada kabla ya kukubali, si baada ya kupokea ujumbe wa deni. Tangu sheria iliyoanza kufanya kazi Desemba 2021, wakopeshaji wa simu wasio benki wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na benki hiyo hutangaza orodha ya waliopewa. Kanuni za mwaka 2022 ziliwakataza pia kuchukua namba zilizo katika simu yako ili wawatumie jamaa zako ujumbe ukichelewa kulipa. Kama jina halimo katika orodha, kaa mbali.

KIJANA AMEFIKIA WAPI?

Kijana wetu hakupoteza kila kitu. JavaScript ni ujuzi wa kweli, na kazi zake zipo. Alipoacha kujiita mtu wa Java na kuanza kuandika jina sahihi katika barua zake, alipata vibarua vya kurekebisha kurasa za intaneti. Deni limebaki shilingi 7,500 na mama yake analipa kidogo kidogo. Yule mzee wa kahawa bado anamngoja amfundishe kupika kahawa ya mjini.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa letu sisi wanachama. Tulisikia jina, tukafikiri tumeelewa, tukaona haya kuuliza. Waliotutangulia walisema kuuliza si ujinga. Siku hizi fomu yetu ya mkopo ina mstari mmoja mpya: "Eleza kwa maneno ya kawaida: hicho unachokwenda kusomea au kununua kinafanya kazi gani?" Mstari huo haujatugharimu kitu. Mwezi uliopita umeshamrudisha mtu mmoja nyumbani akaulize vizuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Fungueni simu zenu. Kila mmoja ataje programu moja ambayo jina lake halimwambii inafanya nini. Nani katika kikundi anajua kazi yake?

2. Je, kuna mwanachama aliyewahi kulipia kitu kwa sababu ya jina lake, halafu akakuta ni kingine? Tungeweza kumsaidia mapema kwa kuuliza swali gani?

3. Andikeni majina ya mikopo ya simu mnayoyajua. Mbele ya kila jina andikeni neno "deni la". Someni kwa sauti. Je, bado yanasikika matamu?